Na Jina la Mama Yake Ni Yudita

Jumatatu, 1 Julai

Mwaka huu nyumba yangu inatoa mwinjilisti. Nimeandika. Imekwisha.

Jana kanisani Mwinjilisti Kefa katangaza: tarehe kumi na tatu, Makambako, mashindano ya Biblia ya vijana wa jimbo zima. Kitabu ni Wafalme, kuanzia pale ufalme wa Sulemani ulipopasuka, Israeli ikabaki kaskazini na Yuda kusini. Wafalme wote wa pande zote mbili, nani kamfuata nani, na miaka ya kila mmoja. Kila usharika utoe vijana wawili. Mshindi anapelekwa chuo cha Biblia, na akitoka huko ni mwinjilisti kamili.

Nilisikia jina la mwanangu Amon likiitwa mbinguni kabla halijaitwa duniani.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti Iwawa, kwenye baridi ile ya kugandisha maji ndooni. Akafuata kaka yangu. Kaka kafariki bila mtoto. Kiti kipo wazi! Na mimi ninaye Amon, miaka ishirini na miwili, sauti ya kujaza kanisa bila spika. Hata jina nilimchagulia mwenyewe kwenye Biblia: mfalme wa Yuda. Wenzangu walikuwa wanawaita watoto majina ya wachezaji mpira.

Ana kasoro moja. Anapenda kazi kupita kiasi. Siku nne za wiki yuko Makambako, anapakia na kushusha malori ya Mzee Abdulsalam. Anarudi anatabasamu peke yake. Nadhani ni uchovu.

Kasoro ya pili si yake. Ni Dorosela, mwenye duka pale mtaa wa Ramadhani. Huyu ndiye aliyenipindua uenyekiti wa Umoja wa Wanawake, Novemba, kwa maneno ya chinichini na mandazi. Mwanawe Rabson naye anashiriki. Kijana anavaa miwani ambayo, nina hakika, ni kioo cha dirisha tu.

Jumanne, 2 Julai

Nimewapanga wafalme wote stoo.

Daftari halimfai Amon. Lazima aone. Nimefagia sakafu, nikapanga viazi mistari miwili, kaskazini ukutani, kusini mlangoni. Mfalme wa miaka mingi, kiazi kikubwa. Asa alitawala miaka arobaini na mmoja: nilimtafutia kiazi kama kichwa cha mtoto mchanga. Nadabu na Ela, miaka miwili miwili, viazi vya mbegu. Zimri alitawala siku saba tu. Nimemwekea punje ya njegere.

Binti yangu Aneth, yupo likizo, akasimama mlangoni akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia akateke maji.

Halafu nikagundua jambo, nikakaa chini kwa furaha. Wafalme wa Yuda wametajwa na mama zao! Mfalme fulani akaanza kutawala, akatawala miaka kadhaa, na jina la mama yake aliitwa fulani binti fulani. Karibu kila mmoja! Naama. Maaka. Azuba. Mama kabisa, kwenye Neno! Wa kaskazini, kimya. Ukimtoa Yeroboamu, hawana mama. Walizaliwa na upepo?

Ndiyo maana Yuda ilidumu zaidi. Mwinjilisti Kefa hajawahi kulisema hili mimbarini. Wanaume.

Nimejaribu kulisoma kwa sauti nikiwa peke yangu stoo: Amon akawa mwinjilisti, na jina la mama yake ni Yudita, wa kijiji cha Yakobi. Limekaa vizuri mno.

Jumatano, 3 Julai

Aneth kapika ufalme wa Yuda!

Anasema aliona viazi vimetawanyika karibu na mlango akadhani vimechaguliwa vya jioni. Tumemla Asa na njegere. Nilimla kwa uchungu. Alikuwa mtamu.

Lakini kabla ya maafa hayo nilikuwa nimekutana na jambo baya zaidi. Hesabu haikubali. Rehoboamu wa Yuda na Yeroboamu wa Israeli walianza pamoja. Baadaye yule jemadari Yehu akaja akawaua wafalme wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Walianza pamoja, wakakatwa pamoja, basi miaka iwe sawa. Nikajumlisha. Kusini, tisini na mitano. Kaskazini, tisini na minane. Nikarudia. Nikamwita Aneth na simu yake. Vilevile. Miaka mitatu imezidi!

Nilikwenda hadi kwa Mwinjilisti Kefa na mvua ile ya manyunyu. Nikamwambia Biblia yangu ina kosa la kiwanda. Akacheka mpaka akavua kofia. Akanieleza kwamba hata maprofesa wanagombana juu ya miaka hiyo, lakini wengi wanasema hivi: kule kaskazini mfalme akiketi hata mwezi mmoja kabla ya mwaka mpya, ule mwezi ulihesabiwa mwaka mzima. Kusini walisubiri mwaka mpya uingie ndipo wakasema mmoja. Kwa hiyo kila mfalme wa kaskazini anazidisha kidogo.

Nikamwambia, Mwinjilisti, sema lumbesa tu! Maana mnunuzi anapokuja shambani kwangu anajaza gunia mpaka linavaa kilemba, gunia na nusu, anasema ni moja. Hawa walikuwa na nusu gunia, wakasema ni moja. Ni lumbesa iliyopinduliwa! Mwinjilisti akasema atalitumia kwenye mahubiri. Hatanitaja, namjua.

Njiani nikamkumbuka Dorosela. Alinipindua Novemba. Januari akasimama mbele ya akina mama akasema anaingia mwaka wake wa pili wa utumishi. Kaskazini kabisa yule! Mimi nilikuwa Yuda miaka yangu yote na sikujua.

Ijumaa, 5 Julai

Siku mbaya.

Nilikuwa sijafika kwa mfalme Amoni. Nilimweka kiporo, kama nyama. Leo nimefungua.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoanza kutawala. Vizuri! Kama wangu. Na jina la mama yake ni Meshulemethi. Vizuri. Akatawala miaka miwili. Hapo nikaanza kusoma polepole. Akafanya yaliyo mabaya. Watumishi wake wakamfanyia fitina, wakamuua katika nyumba yake mwenyewe.

Na ndiyo habari yake yote. Hakuna vita, hakuna hekalu, hakuna hata nabii wa kumkemea. Mistari michache kama tangazo la kupotelewa na ng'ombe.

Jina hili nilimtajia mkunga mimi mwenyewe. Nililiona kwenye ukurasa uliofunguka, likanipendeza, sikuendelea kusoma.

Amon aliporudi jioni nilimwambia tubadilishe, aitwe Yosia, mwanawe Amoni, huyo alikuwa mwema sana. Akacheka. Akasema, mama, mimi nimelijua hilo tangu Shule ya Jumapili. Wenzake walikuwa wakijificha nyuma ya choo wanamrukia, wanasema wao ni watumishi wa mfalme. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, ulikuwa unalipenda sana.

Usingizi umeruka kabisa.

Jumapili, 7 Julai

Usharika umechagua: Amon na Rabson. Dorosela alipiga vigelegele kabla ya baraka ya mwisho. Mimi nilisubiri baraka. Malezi.

Sasa mpango. Haiwezekani Rabson aingie Makambako akiwa na kichwa safi. Nimempelekea mama yake uongo mmoja mtakatifu. Nilikwenda dukani kwake Ramadhani kununua chumvi.

Nikamkuta. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Tukaulizana habari za mafua. Kisha nikainama juu ya kaunta, nikamwambia, dada Dorosela, mimi na wewe tuna yetu, lakini vijana ni wa usharika mmoja. Nikamwambia kwa siri kwamba Yehoramu wa Israeli na Yehoramu wa Yuda, wale mashemeji waliotawala wakati mmoja, si watu wawili. Ni mtu mmoja! Alikaa viti vyote viwili. Nikamwambia nimelipata kwa mtu mkubwa na nisitajwe.

Dorosela akafinya macho. Akasema asante mama Amon, akanipunguzia bei ya chumvi.

Nilipotoka nilikuwa nacheka mpaka bodaboda wakaniuliza kuna nini. Atakwenda kumjaza mwanawe, na mwanawe atasimama mbele ya jimbo zima aseme Yehoramu ni mmoja!

Nimetubu usiku. Kwa ufupi.

Jumatano, 10 Julai

Amon yuko nyumbani leo. Tumefanya mazoezi jikoni, mimi nauliza, yeye anajibu, Aneth anamenya viazi. Hakosei! Anawashusha wafalme kama anashusha mizigo, huyu, huyu, pokea. Nilimuuliza kinyumenyume. Hakosei. Nilimuuliza mama zao. Hakosei! Moyo wangu ulikuwa hautoshi kifuani.

Hata hivyo mzazi mwenye akili haachi bahati ifanye kazi peke yake. Tumepanga ishara. Nitakaa benchi la tatu. Mfalme akiwa wa Yuda, nakohoa mara moja. Wa Israeli, mara mbili. Amon alisema haina haja. Nikamwambia hata Daudi alikuwa na mawe ya akiba.

Aneth alipotoka kumwaga maganda, Amon akasogeza kigoda. Akasema, mama, kuna jambo la Makambako nataka nikueleze. Nikamwambia jambo la Makambako ni moja tu, nalo ni Jumamosi. Akasema, na nikishindwa? Nikamwambia kwetu hakuna kushindwa, babu yako alihubiri Iwawa miaka mingi mvua ikimnyea mgongoni, na kiti chake hakiwezi kukaliwa na mtoto wa mwuza chumvi. Akafungua mdomo tena. Nikamuuliza Omri alitawala miaka mingapi.

Kumi na miwili, akasema. Alikuwa anautazama moto.

Anajiamini. Ukimya ni dalili.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga mtu.

Tulifika Makambako upepo unavuma mpaka mabati yanaongea. Kanisa limejaa. Nikapata benchi langu la tatu. Mbele wameketi Mchungaji wa jimbo na mwalimu wa chuo, Mwalimu Sila, mwembamba, mpole. Amon kavaa koti la marehemu baba yake. Nilitazama huku na huku watu wamwone.

Swali la kwanza la Amon: Yehoshafati alitawala upande gani? Nikakohoa mara moja, vizuri, kwa heshima.

Nyuma yangu bibi mmoja akakohoa mara mbili. Kushoto kwake mzee akakohoa mara nne. Halafu kanisa zima likaanza! Julai! Ukanda mzima wa baridi, sharika kumi na kitu, kila mtu na mafua yake, nami nimechagua kikohozi! Hata ningechagua kupiga chafya isingesaidia. Nikajaribu kukohoa kwa nguvu zaidi ili wangu utambulike. Mama mmoja akanipa tangawizi. Nikakohoa tena. Mzee wa zamu akaja, akaniinua kwa upole wa kuaibisha, akanitoa nje, akaniambia, mama, kikohozi hicho si cha kawaida, Jumatatu nenda kapime.

Nikasimama dirishani, upepo unanipeperusha khanga. Nikaona kila kitu. Amon alikuwa akijibu bila mimi. Yuda. Israeli. Miaka. Wakaanguka wa huku, wakaanguka wa kule, wakabaki wawili: Amon wangu na Rabson wa miwani.

Mwalimu Sila akamuuliza Rabson juu ya wale Yehoramu wawili. Nikashika nondo za dirisha. Sasa! Rabson akajikohoza. Akataja baba zao na miaka yao, sawasawa. Kisha akaongeza kwamba amesikia pia kuna wanaodhani huenda alikuwa mtu mmoja aliyetawala pande zote mbili.

Mwalimu Sila akavua miwani. Akasema, kijana, umesoma wapi hayo? Akawageukia watu akasema ni kweli, kuna wataalamu waliowahi kulipendekeza hilo, na ni mara ya kwanza analisikia kwa kijana wa mashindano. Akampa alama ya ziada! Watu wakapiga makofi! Uongo wangu! Nilioutunga mwenyewe, nikimenya viazi!

Bado. Bado tulikuwa na nafasi. Likaja swali la Amon, akijibu alama zinakuwa sawa, wanakwenda raundi nyingine. Mwalimu Sila akatabasamu, akasema hili ni zawadi. Mfalme gani wa Yuda aliuawa na watumishi wake ndani ya nyumba yake mwenyewe, akiwa ametawala miaka miwili?

Kanisa likacheka. Kila mtu alikuwa na jina la Amon kwenye karatasi ya ratiba. Hata Dorosela alicheka, na si kwa ubaya. Mimi nikacheka dirishani, machozi yananitoka, nikasema asante Bwana, kumbe lile jina lilikuwa na kazi yake.

Amon akaangalia chini. Akaangalia dirishani. Aliniona. Najua aliniona.

Sijui, akasema.

Mwalimu akamwambia afikiri. Akasema amefikiri. Hajui.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesema ni kikohozi.

Amon hakurudi nasi jana. Alisema ana mzigo wa kushusha. Njia nzima nilitazama misitu ya miti ya mbao, sikuuona hata mti mmoja.

Dorosela kaja na sukari kunipa pole. Aliketi. Alinishika mkono. Akasema, dada, ile siri uliyonipa ndiyo imempeleka Rabson chuoni, sitakusahau. Sijawahi kupigwa vibaya hivyo na mtu aliyenishika mkono.

Alipoondoka, Aneth akasema, mama, kaka alijua jibu. Nikamwambia najua alijua, mimi si mjinga. Akasema, basi muulize dada Rukaya. Nikauliza Rukaya nani. Akasema, binti wa Mzee Abdulsalam. Kisha akakumbuka kuna maji ya kuteka, wakati pipa limejaa.

Jumanne, 16 Julai

Nimetoka Makambako.

Nilikwenda kupigana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu stendi ya Njombe. Nikafika kwa Mzee Abdulsalam, geti la bluu, nyuma ya malori. Mzee akatoka mwenyewe. Akanikaribisha, akaniita mzazi mwenzangu. Nikamwambia sijazaa na yeye. Akasema, kweli, dada, lakini watoto wetu wamezaa.

Nikakaa. Sikualikwa.

Amon akatoka chumbani na mtoto begani. Wa kiume. Miezi minane. Masikio ya baba yangu! Yale yale, yamesimama kama yanasubiri kengele. Nyuma yake Rukaya, kijana, mpole, kanishika mikono yote miwili, shikamoo mama. Nikaitikia. Kwa kichwa.

Miezi minane wananificha. Kila mtu alijua. Aneth alijua! Makuli wa kwenye malori walijua. Mimi nilikuwa stoo napanga viazi.

Nikamwambia Amon aliyonayo moyoni mwanamke aliyekaa mjane miaka tisa akimsomesha mtu. Nilisema mengi. Nilimtaja babu, nikamtaja mjomba, nikasema kiti. Mzee Abdulsalam akatoka nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Amon hakujitetea. Alisubiri nikaishiwa pumzi. Akasema alitaka kuniambia Jumatano, jikoni. Akasema angeshinda wangempeleka chuo mbali, na hawa angewaacha na nani? Halafu akasema hili, sitalisahau ingawa ningependa: mama, katika wafalme wako wote wale, wa kaskazini na wa kusini, yuko hata mmoja aliyeulizwa kama anataka?

Nikatafuta. Kwa kweli nilitafuta, nilipitia kwa kichwa Yuda yote. Chai ikapoa.

Nikauliza mtoto anaitwa nani. Seleman, akasema Rukaya. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Akanipa nimbebe. Nilikataa. Kisha nilimbeba. Akanishika pua akacheka, meno mawili. Nililia kwenye basi mpaka kondakta akanisogezea siti ya dirishani.

Jumatano, 17 Julai

Nimeamka nimetulia. Nimekubali. Amon ana maisha yake. Mtoto si wa mashindano. Nimemwambia Aneth hivyohivyo wakati wa chai, akanitazama kwa mashaka.

Ila nimewaza kidogo.

Seleman ni Sulemani. Mfalme wa kabla ya ufalme kugawanyika! Pande zote mbili zilikuwa zake. Hilo si jambo la kubahatisha. Na masikio yale hayakuumbwa kwa ajili ya kusikiliza injini za malori.

Nimefungua Wafalme tena. Yuko Yoashi. Mtoto mchanga, alifichwa miaka sita, na alipotolewa akaanza kutawala akiwa na miaka saba. Saba! Wangu ana miezi minane. Muda upo wa kutosha, tena wa kumwaga. Nitamwomba Rukaya nikae nao kila wiki siku mbili tatu, kumsaidia kufua. Mwanamke mwenye mtoto mdogo hawezi kukataa msaada wa kufua. Wakati nafua, naimba. Wakati naimba, naimba wafalme. Mzee Abdulsalam hatagundua. Nitawatia sauti ya bembelezi.

Na safari hii nitauliza kama anataka. Nitauliza kesho asubuhi na atacheka, kama alivyocheka jana. Ndiyo jibu.

Nimemweleza Aneth. Akaniuliza kama nimesoma Yoashi alifichwa kwa sababu gani. Nikasema sijafika hapo. Akasema alifichwa ili bibi yake asimpate akamuua.

Nimemwambia bibi wanatofautiana. Basi la kwanza kesho linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nimeshafunga sabuni ya kufulia.